Mizani Ileile, Uhuru wa Kuifikia: Mwanafunzi Mwenye Utofauti wa Ubongo katika Somo la Fasihi

Utangulizi

Mwalimu mpendwa, huenda katika kidato chako cha tatu au cha nne yumo mwanafunzi wa aina hii. Mnapojadili riwaya kwa mdomo, yeye ndiye wa kwanza kuinua mkono. Anakumbuka nani alimwambia nani maneno gani, wapi na kwa nini. Anatambua kinaya kabla hujakitaja. Lakini unaposahihisha karatasi yake ya mtihani unapata maswali mawili yaliyojibiwa kati ya manne, mwandiko uliochafuka, na sentensi zilizokatikia njiani. Unaandika chini yake kwa wino mwekundu: "Huna bidii." Yumo pia yule anayejua idadi ya mizani katika kila ubeti, ila akiulizwa maana ya methali hujibu juu ya ndege au mti uliotajwa tu. Na yumo wa tatu, asiyeweza kutulia kitini kwa dakika 10, ambaye jina lake ndilo hutajwa zaidi katika daftari la nidhamu.

Makala haya yananuia kukueleza, wewe mwalimu na wewe mtahiniwa, ni nini huwasaidia wanafunzi kama hawa wanawiri na wawe wastahimilivu. Hoja yetu kuu ni moja: mwanafunzi huyu hahitaji kupunguziwa kiwango, wala hahitaji kuonewa huruma. Anahitaji njia nyingine ya kukifikia kiwango kilekile. Sisi wa fasihi tunapaswa kulielewa jambo hili haraka kuliko walimu wengine, kwani tunalifundisha kila wiki katika ushairi.

Maana ya istilahi

Utofauti wa ubongo ni dhana inayosema kwamba akili za binadamu hazikuumbwa kwa mtindo mmoja. Wazo hili lilianza kuenea katika miaka ya 1990, likisukumwa sana na watu wenye usonji wenyewe, ambao walichoka kuzungumziwa kana kwamba wao ni mashine zilizoharibika. Miongoni mwa hali zinazotajwa chini ya dhana hii ni hizi:

(a) Disleksia: ugumu wa kusoma na kuandika unaotokana na jinsi ubongo unavyounganisha sauti za lugha na herufi. Hauhusiani na kiwango cha akili.

(b) Usonji: hali inayohusu namna mtu anavyowasiliana, anavyoingiliana na wengine, na anavyopokea sauti, mwanga na mabadiliko ya ratiba. Daktari Leo Kanner aliieleza mwaka 1943 nchini Marekani, naye Hans Asperger akaandika kuhusu watoto wa namna hiyo mwaka 1944 kule Vienna.

(c) Ugumu wa kudumisha umakini, ambao aghalabu huandamana na kutotulia na kutenda kabla ya kufikiri. Mwenye hali hii anaweza kuzama kabisa katika jambo linalomvutia, na kushindwa kabisa kumaliza lisilomvutia.

Zingatia kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya hali moja. Zingatia pia kwamba hali hizi si wendawazimu, si laana, wala si matokeo ya malezi mabaya. Mtu huzaliwa nazo, na huishi nazo hadi uzeeni. Kwa hivyo swali la maana si jinsi ya kumwondolea. Ni jinsi ya kumwezesha aishi vyema, asome na afaulu akiwa nazo.

Mojawapo ya maelezo ya kwanza ya kitabibu kuhusu mtoto mwenye disleksia yalichapishwa Uingereza mwaka 1896 na daktari W. Pringle Morgan. Alimweleza mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy, aliyekuwa mwerevu na hodari wa michezo, lakini hakuweza kujifunza kusoma. Jambo la kutuvutia sisi ni ushuhuda wa mwalimu wake. Mwalimu huyo alisema kwamba lau mafunzo yangetolewa kwa mdomo peke yake, Percy angekuwa mwanafunzi bora kuliko wote shuleni. Sisi tuna utanzu mzima unaoitwa fasihi simulizi. Ni jukumu letu kujiuliza ni Percy wangapi wameketi mbele yetu huku tukiwapima kwa kalamu tu.

Kiswahili huficha disleksia

Walimu wengi hudai kwamba hakuna mwanafunzi wa shule ya upili asiyeweza kusoma Kiswahili, kwa kuwa lugha hii huandikwa jinsi inavyotamkwa. Dai hili lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba tahajia ya Kiswahili ni nyepesi ikilinganishwa na ya Kiingereza. Lakini wepesi huo hauondoi disleksia. Huificha tu.

Utafiti ulioongozwa na Eraldo Paulesu na kuchapishwa mwaka 2001 uliwalinganisha watu wazima wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Kiitaliano, kama Kiswahili, kina tahajia ya moja kwa moja. Ilibainika kuwa Waitaliano walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wenzao wa Ufaransa na Uingereza. Hata hivyo, picha za ubongo wakati wa kusoma zilionyesha upungufu uleule katika eneo lilelile kwa makundi yote matatu. Katika lugha zenye tahajia nyepesi, dalili kuu ya disleksia huwa si makosa mengi bali ni mwendo wa kobe.

Hili lina maana gani darasani? Lina maana kwamba mwanafunzi wako anaweza kusoma ukurasa mzima wa tamthilia bila kukosea, lakini akautumia muda ambao mwenzake amesoma kurasa tatu. Kufikia mwisho wa sentensi ndefu, mwanzo wake umeshamtoka. Katika mtihani wa karatasi ya tatu, watahiniwa hujibu maswali manne kwa muda wa saa mbili na nusu. Hizo ni dakika 150, yaani kama dakika 37 kwa swali la alama 20. Mtahiniwa anayetumia dakika 15 kusoma shairi na maswali yake huku mwenzake akitumia tano, amepoteza dakika 10 kabla hajaandika neno. Akipoteza vivyo hivyo katika kila swali, swali la nne huenda asilifikie kamwe. Alama 20 zimekwenda, na hatukuzipima kwa kutojua kwake fasihi.

Dalili za kuangalia ni hizi:

(i) Kusoma kwa sauti polepole mno, kidole kikifuata mstari, hata katika kidato cha nne.

(ii) Kukwama kwenye vitenzi virefu na kubahatisha mwisho wake.

(iii) Kuacha au kubadilisha herufi pale penye konsonanti zinazofuatana, kwa mfano "mb", "ng'w" au "ndw".

(iv) Tofauti kubwa kati ya jibu la mdomo na jibu la maandishi.

Usiharakishe hata hivyo kumbandika mtu jina. Anza kwa kuhakikisha kwamba macho na masikio yake yamepimwa. Kisha utofautishe disleksia na athari za lugha ya kwanza. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza haina sauti "sh" anaweza kutamka "s" na kuiandika hivyo. Hilo ni suala la kifonolojia, na husikika katika mazungumzo. Disleksia haisikiki mtu anapozungumza. Huonekana anaposhika kitabu au kalamu.

Ustahimilivu hutoka wapi?

Tunapenda kuwaambia wanafunzi kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hii ni njema, lakini mara nyingi tunaitumia vibaya. Anayesubiri tunda liive ana mti ambao umepandwa, ukamwagiliwa maji na kulindwa. Asiye na mti akivumilia, ataambulia njaa. Ustahimilivu si kuzoea kuumizwa. Ni uwezo wa kuinuka baada ya kuanguka, na uwezo huo hujengwa na watu na mazingira.

Ushahidi mmoja mashuhuri unatoka katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii. Mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa huko mwaka 1955, tangu kuzaliwa hadi walipofika utu uzima. Takriban thuluthi moja ya watoto hao walikulia katika hali ngumu mno: umaskini, matatizo wakati wa kuzaliwa, wazazi wagonjwa au familia zenye ugomvi. Wengi wao walipata shida za masomo na za tabia. Lakini thuluthi moja kati ya hawa waliokuwa hatarini walikua wakawa watu wazima wenye uwezo, kujiamini na kuwajali wengine. Walikuwa na nini ambacho wenzao walikosa? Mambo matatu yalijitokeza:

(a) Mtu mzima angalau mmoja aliyewajali bila kuyumba. Si lazima awe mzazi. Kwa baadhi yao alikuwa bibi, jirani au mwalimu.

(b) Jambo moja walilolimudu na kujivunia, hata kama lilikuwa nje ya masomo.

(c) Wajibu halisi uliowafanya wahitajike, kwa mfano kutunza wadogo zao.

Baadaye Werner aliwaangalia pia wale waliokuwa na ugumu wa kujifunza, na akaonyesha kwamba wengi wao waliweza kuyamudu maisha walipokuwa watu wazima, wakisaidiwa na mambo yayo hayo.

Tazama orodha hiyo tena, mwalimu. Hakuna lililo nje ya uwezo wako. Hata katika darasa la wanafunzi 50, unaweza kuwa huyo mtu mzima mmoja. Unaweza kumpa mwanafunzi jambo la kujivunia kwa kumfanya fanani wa darasa. Unaweza kumpa wajibu: awe mtunza vitabu, au kiongozi wa ukariri wa mashairi. Usimpe kazi hizo kama fidia ya kushindwa masomo. Mpe kwa sababu anaziweza.

Somo kutoka kwa uhuru wa mshairi

Kila mtahiniwa wa ushairi anajua kwamba mshairi hupewa idhini ya kukiuka kanuni fulani za lugha ili atosheleze mahitaji ya kiarudhi. Hakuna msahihishaji anayemwita mshairi mvivu kwa kuandika "alokuja" badala ya "aliyekuja". Tunajua kwamba mizani ilihitaji kutimia, na mshairi akatafuta njia. Kipimo hakikuguswa. Mshororo wa mizani 16 umebaki wa mizani 16.

Msaada kwa mwanafunzi mwenye utofauti wa ubongo hufuata mantiki hiyohiyo. Tuangalie aina nne za uhuru wa mshairi na kile zinachoweza kutufundisha.

Mazda. Mshairi hurefusha neno, kwa mfano "afya" ikawa "afiya", ili mizani itimie. Nawe mrefushie mwanafunzi muda. Katika majaribio ya darasani, mpe dakika za ziada na uone tofauti. Ikiwa jibu lake linaimarika sana anapoongezewa muda, umepata ushahidi kwamba tatizo lilikuwa mwendo, si maarifa. Andika matokeo hayo na uyahifadhi, kwa maana yatahitajika utakapomwombea msaada rasmi.

Inksari. Mshairi hufupisha neno. Nawe fupisha kipande cha kazi bila kupunguza jumla yake. Badala ya kumwambia asome sura tatu za riwaya ifikapo Ijumaa, mpe kurasa nne kila jioni pamoja na swali moja la kuongoza usomaji. Anayekosa umakini hupotea mbele ya kazi ndefu isiyo na vituo. Akiwekewa vituo, atafika. Haba na haba hujaza kibaba.

Tabdila. Mshairi hubadilisha tahajia ya neno, lakini idadi ya mizani haiongezeki wala haipungui. Nawe badilisha umbo la jibu, huku hoja zikibaki zilezile. Swali linapodai hoja 10 kuhusu maudhui ya uongozi mbaya, mwanafunzi anaweza kuzitoa kwanza kwa mdomo, kwa kuzirekodi kwenye simu ya mwalimu, au kwa mchoro wa matawi. Ukishaona kwamba hoja 10 zipo, kazi inayobaki ni kumfundisha kuziandika.

Kuboronga sarufi. Mshairi hupangua mpangilio wa maneno, akasema "wangu moyo" badala ya "moyo wangu". Nawe pangua utaratibu wa kufundisha inapobidi. Mweleze muhtasari wa msuko na mwisho wa hadithi kabla hajaanza kuisoma. Waalimu wengine watasema unamharibia taharuki. Lakini msomaji anayetumia nguvu zote kufumbua maneno hana taharuki ya kuharibiwa. Akishajua kinachotokea, ataweza kuangalia jinsi mwandishi anavyokijenga, na huo ndio uhakiki.

Fasihi simulizi kama mlango

Kwa mwanafunzi mwenye disleksia, fasihi simulizi ni uwanja ambao hana kizuizi. Humo kuna fanani na hadhira, fomyula za kufungulia na kufungia ngano, viimbo, ishara za mwili na urudiaji. Vipengele hivi viliundwa na jamii ambazo hazikutegemea maandishi ili kumbukumbu isipotee. Vitumie hata unapofundisha fasihi andishi. Mwanafunzi aisimulie upya hadithi fupi kama ngano, yenye mwanzo, wimbo na mwisho. Ataikumbuka. Hadhira yake pia itaikumbuka, na hapo utakuwa umelifundisha darasa zima.

Ushairi nao ni wa masikio kabla ya kuwa wa macho. Chukua mshororo huu uliotungwa kwa ajili ya zoezi: "Mwalimu nipe nafasi, na mimi nitakujibu". Wanafunzi wapige meza kwa kila silabi. Mapigo manane, pumziko, mapigo manane. Asiyetulia kitini amepata kazi ya mikono. Anayesoma polepole amepata mizani bila kuangalia herufi. Na yule anayependa mpangilio usiobadilika, kama walivyo baadhi ya watu wenye usonji, atafurahia kugundua vina vya kati na vya mwisho.

Hapa tahadhari inahitajika. Usidhani kila mwenye usonji ni stadi wa kuhesabu, au kila mwenye disleksia ni msimulizi. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Muulize, mwangalie, kisha uamue.

Lugha ya kitamathali huwa ngumu kwa baadhi ya wanafunzi wenye usonji, kwa sababu wao hulichukua neno kama lilivyo. Usiseme "fikiria tu, utaelewa". Wafundishe hatua kwa hatua. Kwa mfano, katika methali "Mchumia juani hulia kivulini":

(1) Maana ya juu: nani anafanya nini? Mtu anatafuta riziki kwenye jua, kisha anakula kwenye kivuli.

(2) Kila kitu kinasimamia nini? Jua linasimamia taabu, kivuli kinasimamia starehe.

(3) Maana ya ndani: anayejitaabisha hufaidi baadaye.

(4) Matumizi: taja tukio moja katika kitabu kiteule linalooana nayo.

Hatua hizi nne zikiandikwa ukutani, hazitamsaidia mwenye usonji peke yake. Utashangaa ni wangapi walikuwa wakibahatisha kimyakimya.

Katika utendaji, usimlazimishe mwenye usonji asimame mbele ya umati au akutazame machoni. Kumtazama mtu machoni kunaweza kumwia uchungu. Mpe nafasi ya mtunzi wa nyimbo, ya mpiga ngoma au ya mchunguzi anayeandika sifa za utendaji. Mjulishe mapema ratiba inapobadilika. Wengi hutumia nguvu nyingi kuficha hali yao ili wafanane na wenzao, na ikifika jioni hawana nguvu iliyobaki ya kusoma.

Maneno yetu na wahusika wa vitabuni

Tumezoea kuorodhesha sifa za wahusika: "ni zuzu", "ni punguani", "ni mwendawazimu". Maneno haya yana mahali pake ikiwa mwandishi ameyatumia, lakini mhakiki anapaswa kuyapima. Katika riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, iliyotahiniwa katika KCSE kati ya 2013 na 2017, yumo Matuko Weye, mwanajeshi wa zamani anayechukuliwa na jamii kuwa mwendawazimu. Ndiye anayeyasema hadharani yale ambayo wenye akili timamu wanaogopa kumwambia Mtemi Nasaba Bora. Mtahiniwa akiandika "ni mwendawazimu" akaishia hapo, amerudia maneno ya wanakijiji. Akiandika kwamba mwandishi amemtumia kufichua uongo wa utawala, amehakiki.

Katika riwaya hiyohiyo wamo watoto wa Mwalimu Majisifu wenye ulemavu, ambao baba yao anawaonea haya, na yumo Imani anayewatunza kwa utu. Tofauti ya Majisifu na Imani haiko katika watoto hao. Iko katika jicho linalowatazama. Hali ya wahusika hawa si ile tunayoieleza katika makala haya, lakini maswali ya kuuliza ni yaleyale. Je, mhusika amepewa sauti yake, au anasemewa tu? Je, amewekwa ili tucheke, ili tumwonee huruma, au ili tumfahamu? Je, ana sifa nyingine mbali na hali yake?

Kumbuka kwamba dawati la nyuma linasikia. Ukimwita mhusika zuzu kwa sababu hajui kusoma, kisha darasa likacheka, yuko mmoja ambaye hacheki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu na matendo ya kudhalilisha mwanafunzi, yawe ya kimwili au ya kisaikolojia. Kumfanya mwanafunzi asome kwa sauti mbele ya wote huku ukijua atakwama, ili wengine wajifunze kupitia aibu yake, ni udhalilishaji hata kama hakuna fimbo iliyoinuliwa.

Ushauri kwa mtahiniwa

Ikiwa umejitambua katika maelezo haya, zingatia yafuatayo:

(i) Mweleze mwalimu mmoja unayemwamini. Usiseme "sielewi" ikiwa tatizo ni mwendo. Sema: "Ninaelewa nikisikia, lakini nikisoma ninachelewa."

(ii) Tafuta mwenzako msome kwa zamu. Yeye asome kwa sauti, wewe ueleze. Nyote mtafaidi.

(iii) Gawa vitenzi virefu katika mofimu. "Hawajamfundisha" ni ha-wa-ja-m-fund-ish-a. Ni ujuzi utakaokupa alama katika karatasi ya pili pia.

(iv) Shika fomyula za majibu. Ukiulizwa muktadha wa dondoo kwa alama nne, vidole vinne vinatosha: nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani.

(v) Swali la kwanza la karatasi ya tatu ni la lazima, lakini si lazima ulijibu kwanza. Anza na lile unalolimudu, ukiandika nambari yake wazi. Ukifikisha dakika 35, nenda kwa lingine.

(vi) Andika vidokezo vya hoja zote kabla ya kuandika aya. Wazo lililokwisha kuandikwa halipotei njiani.

Mzazi na mwalimu wajue kwamba uchunguzi rasmi unapatikana. Vituo vya tathmini na nyenzo za elimu vilianzishwa nchini mwaka 1984, navyo hupatikana katika kaunti. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, iko Kasarani jijini Nairobi. Sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inasisitiza elimu jumuishi, na Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu. Maombi ya mahitaji maalumu katika mtihani wa taifa hupitia kwa mkuu wa shule. Yaanze mapema, yakiwa na ripoti ya uchunguzi. Kungoja muhula wa mwisho ni kuchelewa.

Hitimisho

Mwalimu, hutaweza kubadilisha ubongo wa mwanafunzi, na hukuajiriwa kwa kazi hiyo. Umeajiriwa kuhakikisha kwamba anachokijua kimefika kwenye karatasi. Muhula huu, chagua mwanafunzi mmoja ambaye jibu lake la mdomo linalizidi sana la maandishi. Kabla ya kuandika tena "huna bidii", mwulize swali lilelile kwa mdomo, umsikilize hadi mwisho, na uhesabu hoja zake.

Maswali ya mjadala

1. "Uhuru wa mshairi haupunguzi thamani ya shairi." Jadili kauli hii ukirejelea inksari, mazda, tabdila na kuboronga sarufi. (alama 8)

2. Chagua mhusika mmoja katika kitabu kiteule unachosoma ambaye jamii yake inamdharau. Onyesha jinsi mwandishi anavyompa au anavyomnyima sauti. (alama 10)

3. Eleza vipengele vinne vya fasihi simulizi vinavyosaidia kumbukumbu ya hadhira. (alama 8)

4. "Mvumilivu hula mbivu." Andika kisa kitakachoonyesha kwamba uvumilivu pekee hautoshi. (alama 20)